Kijana wa kompyuta akioa, kichwa kinazimika?

Mama mmoja wa Nkome, mkoani Geita, alinipigia simu wiki mbili zilizopita. Mwanawe ana miaka 31, anaandika programu za kompyuta kwa wateja walioko Marekani, na mwaka jana aliondoka Mwanza akarudi nyumbani kukwepa kodi ya nyumba. Ana mchumba. Posa imeshapelekwa na upande wa pili umeanza kuuliza, lakini kijana kila siku anasogeza tarehe. Anasema mtu wa kompyuta akishaoa kasi inakwisha, na akifika miaka 35 vijana wa chuo watakuwa wameshampita. "Mwanangu, wewe unaandika mambo ya afya," akaniambia mama yule, "hilo ni kweli au ananizungusha?"

Kama anamzungusha, hilo ni lao. Ila hoja yenyewe haikuzaliwa Nkome. Mwaka 2003 mtafiti Satoshi Kanazawa alipitia wasifu wa wanasayansi 280 akasema wengi walifanya kazi zao kubwa wakiwa bado vijana, na waliooa walipoa mapema kuliko makapera. Maelezo yake ni kwamba mwanamume hujituma ili apate mke, akishampata anatulia. Naona maelezo hayo ni mepesi mno. Wasifu wa mwanasayansi maarufu hauonyeshi nani alikuwa anaamka usiku mtoto akilia.

Kuhusu umri, habari ni njema kuliko kijana anavyodhani. Mwaka 2013 Patrick Morrison na Emerson Murphy-Hill, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, waliangalia alama ambazo waandishi wa programu hupeana wanapojibiana maswali ya kazi kwenye mtandao wa Stack Overflow. Alama zilipanda kadiri umri ulivyopanda, hadi miaka ya 50. Grace Hopper, mwanamke Mmarekani aliyetengeneza mojawapo ya programu za kwanza kabisa za kutafsiri maelekezo kwa ajili ya kompyuta, aliifanya kazi hiyo mwaka 1952, akiwa na miaka 45 hivi. Alistaafu jeshi la majini akiwa na miaka 79.

Kweli, wepesi wa ubongo kushika jambo jipya huanza kupungua taratibu tangu ujanani, lakini uzoefu hufidia sehemu kubwa. Kinachomwangusha mtu wa kompyuta karibu na miaka 40 mara nyingi ni macho. Anaanza kusogeza simu mbali ili asome, kichwa kinamuuma jioni, anakosea herufi, halafu anajiambia amezeeka. Anahitaji miwani ya kusomea.

Adui mkubwa ni usingizi, na hapo ndipo wasiwasi wa kijana unapata mashiko kidogo. Watafiti nchini Italia waliwapa wanafunzi 45 kazi ya kuandika programu, baadhi yao wakiwa wamekesha usiku mmoja tu. Ubora wa kazi ya waliokesha ulishuka kwa nusu. Utafiti mwingine, wa Australia mwaka 1997, ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu aliyekunywa pombe. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za kulala kila siku.

Sasa angalia saa za kijana wetu. Mteja wa San Francisco anapofungua ofisi saa tatu asubuhi, Nkome ni saa moja au saa mbili usiku. Kazi inaanza wakati nyumba inaandaa chakula cha usiku, inaisha jogoo wakiwika, na saa mbili asubuhi mama anamwamsha akamfungulie fundi mlango, kwa sababu "si yuko tu nyumbani?"

Ajabu ni kwamba Nkome inajua kazi ya usiku kuliko miji mingi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao giza likishika, hurudi alfajiri, na mchana kila mtu anajua baba amelala: watoto wanafukuzwa wakacheze mbali, mgeni anaambiwa arudi alasiri. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa vizuri, basi mvuvi anapata siku za kupumzika. Mtu wa kompyuta hana mbalamwezi ya kumpumzisha, na akilala mchana anaitwa mvivu. Mama aliponiuliza kuhusu ndoa, mimi nilimuuliza kuhusu mlango wa chumba cha mwanawe.

Ndoa yenyewe, basi? Pete haigusi ubongo. Mtoto ndiye anayegusa usingizi, na hagusi wa wazazi wote sawa. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua mama hupoteza zaidi ya saa moja ya usingizi kila siku, baba kama robo saa. Miaka minne hadi sita baadaye usingizi wao ulikuwa bado haujarudi kama zamani.

Nikamuuliza mama, mchumba anafanya kazi gani? Akajibu kama jambo dogo tu: "Naye ni wa kompyuta hizo hizo, ameajiriwa Geita mjini." Miaka miwili ya kusogeza tarehe, na katika nyumba zote mbili hakuna aliyeuliza kama ndoa itapunguza kasi yake yeye! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea mwajiriwa wa kike siku 84 za likizo ya uzazi, mwajiriwa wa kiume siku 3. Kijana anayejitegemea hana hata hizo tatu, ila anaweza kupanga saa zake, jambo ambalo mke mwenye bosi hawezi.

Wazazi mlio na watoto wa aina hii, tarehe ya harusi ipangwe pamoja na usiku. Kwa kuwa kijana yuko macho hadi alfajiri, zamu ya mtoto ya kuanzia saa tatu hadi saa nane usiku inaweza kuwa yake, mke alale. Mke achukue asubuhi, naye bibi asimwamshe baba mtu. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwenye chombo safi hukaa hadi saa nne bila friji kama chumba si cha joto sana, na mtoto hunyweshwa kwa kikombe kidogo, taratibu, akiwa amekalishwa wima.