Waacheni Wanakijiji Wawashe Taa Zao

Tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu ya gridi ya Taifa iliitia gizani karibu Tanzania Bara nzima. Lakini ukitaja umeme wa kijiji, wakubwa wanatabasamu. Wana bwawa la megawati 2,115. Vijito vyenu vya nini?

Waende Mawengi, wilayani Ludewa. Pale mto unazungusha mtambo wa kilowati 300, na walioandaliwa kuuendesha ni jumuiya ya watumiaji wenyewe. Umeme wa kiasi hicho unaiondoa mashine ya kusaga kwenye dizeli. Fundi wa kuchomelea anatengeneza geti hapohapo kijijini badala ya kulifuata mjini, na nguzo ikianguka usiku, wa kuisimamisha anaishi jirani.

Sasa tazama tunavyowatendea watu wa aina hii. Anayeunganishiwa gridi kijijini hulipa shilingi 27,000 tu. Nguzo, nyaya na transfoma ni kodi yetu kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Hakuna anayeuliza laini ile itarudisha gharama zake lini. Na asiulize, umeme ni haki. Ila mwaka 2020 serikali iliwaagiza wazalishaji wadogo vijijini wauze uniti moja kwa shilingi 100, sawa na TANESCO. Agizo lilishuka upesi. Fedha za kuziba pengo kati ya bei hiyo na gharama zao ziko wapi?

Ndiyo, bei zao zilikuwa kali mno, na ni aibu mkulima kulipia uniti bei kubwa kuliko mkazi wa Masaki. Aibu hiyo inaondolewa kwa ruzuku. Betri ya mtambo wa sola wa kijiji haisomi waraka wa waziri. Ikichoka inataka kununuliwa nyingine, kwa bei ya soko.

Sheria haina ubaya: mtambo usiofika megawati 1 hauhitaji hata leseni ya kuzalisha. Mlango uko wazi, mfuko ndio umefungwa. Shilingi inayomfuata mteja wa gridi imfuate na mteja wa mtambo wa kijiji, na mtambo wenyewe uwe mali ya ushirika, si ya mfadhili atakayefunga virago mradi ukiisha. Vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS) vinavyomudu kuendesha maghala vitashindwaje kusoma mita?

Basi mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, msikubali kuambiwa tena kwamba nguzo zinakuja. Mtakeni diwani aseme halmashauri imetenga kiasi gani kwa mtambo wenu, na jibu lake liandikwe kwenye muhtasari.