Kabla ya kufunga buti, jiulize ndoo itarukia wapi

Wiki za mwisho za Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro hujaa magari ya familia. Safari ni zaidi ya kilomita 500, na anayekwenda kula sikukuu nyumbani haendi mikono mitupu. Ndani ya Noah moja utakuta baba na mama, watoto watatu, dada wa kazi, mabegi matano, kiroba cha mchele, dumu la mafuta ya kula la lita 20, katoni mbili za maji, mtungi mdogo wa gesi na blenda ya bibi iliyonunuliwa Kariakoo.

Upakiaji wenyewe hufanyika usiku, watu wamechoka. Kila kitu kinasukumwa nyuma, mlango unakandamizwa kwa goti, ukikubali kufunga kazi imekwisha. Kinachoangaliwa ni kama vyote vimeingia. Ni wachache wanaojiuliza vitu hivyo vitakwenda wapi gari likisimama ghafla.

Vitakwenda mbele, na mbele ndiko walikokaa watoto.

Breki hushika magurudumu, hazishiki ndoo. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani kinakwenda kwa mwendo huohuo, na gari likigonga kitu na kusimama, kisichofungwa kinaendelea na safari mpaka kikutane na siti, kioo au kichwa cha mtu. Pigo lake ni sawa na la kitu kilichoachiwa kutoka urefu wa mita 10, yaani ghorofa ya tatu hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa urefu huo unafika mita 25, karibu ghorofa ya nane. Mzazi gani angemwacha mtoto acheze chini ya ghorofa wakati juu kuna mtu anayedondosha madumu ya mafuta?

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa aina ya magari ambayo familia nyingi zinayapenda. Saluni ina buti lake, limetengwa na abiria kwa mgongo wa siti ya nyuma. Noah, Alphard na hata IST ni chumba kimoja: mzigo na watoto wanaishi pamoja, na mzigo ukirundikwa hadi kwenye dari, hakuna cha kuuzuia usimwagike juu ya vichwa vya waliokaa mbele yake. Wengine hukunja siti ya mwisho ili wapate nafasi, halafu mtoto mdogo anapangwa juu ya mabegi "alale vizuri". Hapo mtoto mwenyewe amegeuka kuwa mzigo usiofungwa.

Namna ya kupanga si ngumu, ila inahitaji kuanza na kizito. Mchele, dumu la mafuta na katoni za maji vikae chini kabisa sakafuni, vikisukumwa hadi vigusane na mgongo wa siti ya nyuma. Pasiachwe pengo, kwa sababu pengo ndilo linalokipa kitu nafasi ya kukusanya mwendo kabla ya kugonga. Mapengo madogo yajazwe mablanketi, mashuka na viatu. Mabegi ya nguo yafuate juu, na rundo lisipite kimo cha mgongo wa siti. Ikiwa ni lazima lipite, basi lifunikwe kwa turubai au wavu na kukazwa kwa kamba kwenye vile vishikizo vya chuma vilivyomo sakafuni au ubavuni mwa magari mengi, ambavyo wenye magari wengi hawajawahi kuvitumia. Mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli unavutika, na mzigo mzito utauvuta. Kamba isiyovutika ni bora zaidi.

Kama kuna siti ya nyuma isiyo na mtu, mkanda wake ufungwe hivyohivyo. Unasaidia kushikilia mgongo wa siti pale mzigo unapousukuma kutoka nyuma. Mgongo huo nao utikiswe kwa mkono kabla ya kuondoka, uhakikishwe umejifunga kwenye kufuli yake. Jeki, spana na tairi la akiba virudi mahali pake. Spana iliyolala sakafuni chini ya siti, pamoja na chupa za maji zinazobingirika, zina tabia ya kufika miguuni mwa dereva na kuingia chini ya breki. Kwenye dashibodi na juu ya kile kibati cha dirisha la nyuma pasiwekwe kitu, hata simu.

Yote hayo hayatakuwa na maana kama watoto wenyewe hawajafungwa. Shirika la Afya Duniani linataja ajali za barabarani kuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Bado wazazi wengi wanaamini mikono ya mama ni salama kuliko siti ya mtoto. Mtoto wa kilo 10 anabebeka kirahisi nyumbani, lakini gari likigonga, kwa sekunde hiyo moja anavuta kama mtu mwenye kilo 200 au zaidi. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata awe na upendo kiasi gani. Na kama mama hajafunga mkanda, mwili wake ndio utakaombana mtoto dhidi ya siti ya mbele. Kumfungia mtoto ndani ya mkanda mmoja na mama ni hatari vilevile. Siti ya mtoto ya bei ya kawaida, iliyofungwa kwenye siti ya nyuma sawasawa na maelekezo yake, inamlinda kuliko mikono yoyote.

Kuna vitu ambavyo havitakiwi kufungwa mbali. Familia yenye mtoto mwenye pumu isije ikagundua Same kwamba dawa ya kuvuta iko chini ya kiroba cha mchele. Dawa za mtoto mwenye selimundu, maji yake ya kunywa, kipimajoto, bandeji na mifuko ya kutapikia vikae kwenye begi moja dogo lenye zipu, chini ya siti ya mtu mzima. Insulini iwe kwenye kibebeo chenye ubaridi, isigusane na barafu moja kwa moja, na isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto la humo hupanda haraka sana, jambo ambalo pia ni sababu ya kutomwacha mtoto garini hata kwa "dakika mbili" za kununua vocha.

Mtungi wa gesi ubaki nyumbani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inajikusanya sakafuni, na vioo vimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Dumu la petroli la akiba nalo halina kazi kwenye barabara yenye vituo vya mafuta njia nzima. Mvuke wake huwaumiza watoto kichwa na kuwatapisha, na moto ukitokea hakuna muda wa kuwafungua mikanda.

Keria inapunguza msongamano ndani, lakini ni ya vitu vyepesi: magodoro, nguo, ndoo tupu. Kitabu cha gari kinataja kilo ambazo paa linaweza kubeba, na ni chache kuliko wengi wanavyodhani. Uzito ukiwa juu, gari linayumba zaidi dereva anapokwepa mbuzi au bodaboda. Baada ya kilomita 20 za kwanza gari lisimamishwe na kamba zikazwe upya, kwani mzigo hujilaza na kamba hulegea.

Halafu kuna ununuzi wa njiani, ambao huvuruga mpangilio wote. Wanaopita Bagamoyo kwenda Msata hawaivuki Kiwangwa bila mananasi, na mbele huko machungwa yanawasubiri. Yanaingizwa dirishani na kuachwa miguuni mwa watoto. Kiroba kimoja kitupu na kamba ya ziada, vikiachwa karibu na mlango wa nyuma tangu asubuhi, vinatosha kuyapokea. Wakati wa kurudi, mikungu ya ndizi itahitaji nafasi ileile ya mchele: sakafuni, imeegemea mgongo wa siti.