Wa mwaka wa kwanza wa kilimo wapewe bweni lao

Tuna ombi moja kwa vyuo vyetu vya kilimo, na kwanza kabisa kwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro: wanafunzi wa kilimo wa mwaka wa kwanza wapangiwe bweni lao, baadhi ya vipindi wasome pamoja, na nyuma ya bweni hilo wawe na bustani ya kulima wenyewe.

Kijana anayeanza chuo leo, kitanda ni cha kuwahi. Akikosa, anapanga geto mtaani na wenzake wa kozi nyingine. Mhadhiri anamwona kwa mbali kwenye ukumbi uliojaa, na shamba analikanyaga siku ya mafunzo kwa vitendo tu. Wapo pia waliokuja kilimo baada ya kukosa udaktari. Hao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi, maana miezi ya mwanzo ndiyo inayoamua kama kijana atakipenda kilimo au atasubiri cheti tu.

Wengine wameshaanza. Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, tangu 1995 huwaweka wanafunzi wapya wenye mwelekeo mmoja kwenye bweni moja, wakasoma baadhi ya masomo pamoja, huku mwanafunzi aliyewatangulia akiwaongoza. Chuo cha EARTH cha Costa Rica, kilichofunguliwa 1990, kimekwenda mbali zaidi: wanafunzi wanaishi chuoni, na kazi za shambani ni sehemu ya masomo.

Hata hapa nyumbani mfano upo. Kampasi ya SUA ya Mazimbu, yenye jina la Solomon Mahlangu, ilikuwa shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Wapigania uhuru wale walipewa shamba la mkonge lililoachwa, wakajenga shule na mabweni, wakalima na kufuga hapohapo. Mwaka 1992 wakatukabidhi.

Tuseme kuna tuta la nyanya nyuma ya bweni. Saa kumi na mbili asubuhi binti aliyekulia Ilala anakuta majani yana mabaka meupe kama malengelenge. Mwenzake kutoka Ilula, Iringa, anachuma jani moja, analiinua kwenye mwanga na kumwonyesha kiwavi aliyejificha ndani: kantangaze. Anamweleza jinsi kwao watu wanavyopiga dawa wiki hadi wiki na mdudu yupo palepale. Kabla ya chai wameshabishana kuhusu bei ya dawa na kwa nini haimfikii mdudu aliye ndani ya jani. Kipindi cha wadudu kikifika, wanaingia na maswali. Na bumu likichelewa, mchicha wa tuta la pili unaingia sufuriani.

Tutaambiwa mabweni hayatoshi. Kweli, hayatoshi, na hatuombi jengo jipya. Vitanda vilivyopo vigawiwe kwa mpango, na vijana wachanganywe: wa mimea na wa mifugo, wa ugani na wa uchumi kilimo, wa mjini na wa kijijini. Wakipangwa kwa kozi mojamoja, yule wa Ilala hatamkuta wa Ilula.

Kazi ngumu ni kumpata mhadhiri mlezi. Saa anazokaa na vijana bustanini zihesabiwe kwenye mzigo wake wa kufundisha, na zitazamwe anapoomba kupandishwa cheo. Bila hivyo atakuja wiki mbili, kisha atarudi kwenye utafiti wake, wala hatutamlaumu.

Mipango ya namna hii ina tabia ya kuanza na wavulana, wasichana wakaambiwa wasubiri fedha. Safari hii bweni la wavulana na la wasichana yaanze siku moja, na la wasichana liwe na bustani yake, majembe yake na bomba lake la maji.