Dhahabu Yenye Kufichua Sumu

Mama wa Kindu atekapo maji ya Lualaba huyatazama kwanza. Akiyaona maangavu, hudhani ni mema. Lakini zebaki iliyoyeyuka majini haina rangi wala harufu, wala kuchemsha hakuiondoi.

Yatoka wapi? Mashariki ya Kongo wako wachimbaji wadogo waichanganyao na mchanga ili ishike chembe za dhahabu, kisha huichoma. Moshi wake hudhuru ubongo. Masalio yake hushuka mtoni, huingia katika samaki. Huko Minamata, Japani, zebaki ya kiwanda ilileta ugonjwa uliotambulikana mwaka 1956. Watoto walizaliwa vilema, hali mama zao walionekana wazima.

Basi tazameni ajabu: dhahabu yenyewe yaweza kuishitaki zebaki. Wataalamu hutengeneza vishada vidogo mno vya dhahabu, kila kimoja chenye atomu 25 hivi, ndani ya protini ya damu ya ng'ombe. Chini ya taa ya urujuanimno hung'aa rangi nyekundu. Zebaki ikiingia, hata kidogo sana, mwanga hufifia.

Hiyo ni kazi ya maabara. Yetu haingoji taa. Tusichome zebaki jikoni wala karibu na watoto. Tusimwage masalio kijitoni. Papa Fransisko, katika waraka Laudato si' wa mwaka 2015, aliitaja waziwazi zebaki ya machimbo ya dhahabu. Amri ya tano haimhusu mwenye panga peke yake.