Lugha ya Maagizo Darasani

Mwanafunzi akikosa swali, aghalabu twasema hakuelewa somo. Ni mara chache tunachunguza kama alielewa agizo. Kwa maoni yetu, maneno ya agizo ni sehemu ya mbinu za kufundishia, sawa na zana na maandalio ya somo. Ushahidi wetu tumeutoa mahali ambapo walimu hawapatazami sana, yaani katika maelezo ya msaada ya programu ya kompyuta.

Programu hiyo ni Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux. Kazi yake ni kutunza matoleo ya faili, ili mtu aweze kuirudia kazi yake ya juzi au ya mwaka jana. Kwa miaka mingi amri yake moja, checkout, ilibeba kazi mbili zisizofanana. Ilimhamisha mtu kutoka tawi moja la kazi hadi jingine. Tena ilirudisha faili katika hali yake ya awali, yaani kuyafuta mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Yakishafutwa hivyo, Git yenyewe haiwezi kuyarejesha. Neno lile lile lamhamisha huyu chumba, na yule lamchomea daftari! Mwaka 2019, katika toleo la 2.23, ziliongezwa amri mbili: switch ya kuhama na restore ya kurudisha. Checkout haikuondolewa, lakini mtu akiuliza hali ya kazi yake, ujumbe anaopewa humwelekeza kutumia restore.

Kasoro nyingine ni kinyume cha hiyo. Mahali pa kuandalia mabadiliko kabla ya kuyahifadhi huitwa index, pengine staging area, na zamani cache. Faharasa ya Git yenyewe husema jina hilo la mwisho limepitwa na wakati, na bado limo katika baadhi ya amri. Fundi mzoefu haoni tabu. Mgeni hudhani ni vitu vitatu.

Sasa tuutazame ubao wetu. Katika zoezi moja la hesabu huandikwa "kokotoa", kisha "tafuta jibu", kisha "fanya", na kazi ni ile ile ya kujumlisha. Katika jiografia twaandika "onyesha mito mikuu". Je, mtoto aichore, aitaje, au aiguse kwa kidole ramanini?

Wako wanaosema kuwa watoto hawana budi kuzoea maneno mengi. Ni kweli, lakini mahali pake ni kipindi cha Kiswahili, si karatasi ya mtihani wa hesabu, ambako mtoto hupoteza alama kwa neno ambalo hakuna aliyemfundisha.

Kwa hiyo, mwendapo katika mazoezi ya kufundisha, andikeni maagizo katika andalio la somo, neno kwa neno, kabla ya kuingia darasani. Mpeni mwenzenu wa somo jingine ayasome. Kisha, kabla wanafunzi hawajashika kalamu, mwambieni mmoja wao, tena asiwe yule hodari wa siku zote, aeleze kwa maneno yake anachotakiwa kufanya.