MTOTO ASIYESHIKA KUSOMA SI MJINGA



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa karakana alifika ofisini kuuliza kama chama chaweza kumtafutia mwanawe kazi ya kufagia. Mtoto ana miaka 12. Tulipouliza sababu, alisema fedha za ovataimu za mwaka mzima zimekwenda kwa mwalimu wa tuisheni, fimbo nazo zimetumika, na hata leo mtoto hawezi kusoma ukurasa mmoja. Lakini mtoto huyo huyo humpigia mama yake hesabu za duka bila karatasi.

Tulikataa ombi hilo, na twataka wanachama wote wajue kwa nini.

Kuna hali iitwayo disleksia. Si laana, si uvivu, wala si upungufu wa akili. Mtoto mwenye hali hii hupata taabu kuunganisha herufi na sauti yake. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu na hodari wa hesabu, ambaye kusoma kulimshinda. Basi jambo hili limejulikana kwa zaidi ya miaka 120, na bado watoto wetu wapigwa kwa ajili yake. Tena mara nyingi hufuata ukoo. Mwenzetu aliposikia hayo alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yeye naye aliacha shule kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa, je, tuisheni haifai? Yafaa, lakini si kila tuisheni. Mashine ikikwama, fundi hazidishi mafuta tu. Hutafuta kwanza penye ubovu. Kumrudishia mtoto somo lile lile kwa njia ile ile ni kuzidisha mafuta.

Kwanza, mtoto apimwe macho na masikio. Kisha apelekwe kwenye kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivyo vilianza nchini mwaka 1984, na ofisi ya elimu iliyo karibu nawe itakuelekeza.

Pili, kabla ya kutoa shilingi, mwulize mwalimu maswali haya. Je, atafundisha sauti za herufi moja moja kwa mpango, kutoka nyepesi hadi ngumu, au atampa mtoto mitihani ya zamani tu? Je, mtoto ataona herufi, ataitamka na kuiandika kwa wakati mmoja? Je, atafundishwa peke yake au na wachache, mara kadhaa kwa juma? Je, baada ya majuma machache utaonyeshwa alichokwisha kushika? Mwalimu anayejua kazi yake hatachukia kuulizwa. Lakini anayeahidi kuiponya hali hii kwa mwezi mmoja, au kwa miwani ya rangi, mkimbie.

Tatu, tusidharau Kiswahili. Herufi zetu karibu zote zina sauti moja tu, bali Kiingereza hubadili sauti kila mara. Mzazi aweza kukaa na mtoto dakika 15 kila jioni kwa ba, be, bi, bo, bu, pasipo makelele. Akichoka, msomee wewe hadithi, maana akili yake ina njaa kama ya mtoto mwingine.

Na fimbo iwekwe chini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mwanafunzi kupigwa, nayo yamlazimu mzazi kumweka mtoto shuleni.

Lakini twajua pia kwamba mfanyi kazi hana nafasi. Kituo hufunguliwa saa za kazi, na anayekosa zamu hukatwa mshahara. Kwa hiyo katika mapatano yajayo tutadai mzazi apewe ruhusa yenye malipo ya kumpeleka mtoto kupimwa. Waajiri watasema hili si jambo la kiwanda. Sisi twajibu: asiyejua kusoma leo ndiye atakayetia dole gumba kesho kwenye mkataba asioujua.

Aliye na mtoto wa namna hii aje ofisini, asione haya. Yule mwenzetu ameshafika, na mwanawe yungali shuleni.

Umoja ni nguvu.