Uvira: Mbwa mdogo wa kamba, hatari kwa watoto wa Runingu

Huko Runingu, wilayani Uvira, mkoani Kivu Kusini, wengi wanachukua mbwa mdogo kwa sababu moja: wezi. Wanataka mlinzi, na wanamtaka upesi. Kosa linaanzia hapo.

Mbwa anatolewa kwa mama yake akingali ananyonya, kumbe anapaswa kukaa naye majuma manane hivi. Ni wakati huo, akicheza na ndugu zake, ndipo anapojifunza kwamba meno yanaumiza. Akifika kwa bwana wake mpya anafungwa kamba mchana kutwa, na wengine wanamlisha pilipili eti awe mkali. Pilipili inamchoma tumbo tu. Mbwa aliyekulia kwenye kamba na fimbo hatofautishi mwizi na mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi.

Tena chanjo hakuna. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha chanjo irudiwe kama veterineri anavyopanga. Kusema pesa hakuna hakutoshi, maana sindano za mtoto aliyeumwa nazo zinataka pesa. Lakini kweli, kumfikia veterineri si safari ya kila mkaaji wa kijiji. Serikali ndiyo inapaswa kuleta chanjo hadi Runingu.

Kwa sasa, mtoto akiumwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.